Sekunde Kumi na Saba za Kaka Tien

Yen Pi-hsia alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na katika kampuni ya Shun-an, pale Changhua, hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina lake lote. Mbele yake alikuwa Dada Hsia. Akigeuza mgongo, alikuwa Bi Daftari. Alilijua jina hilo wala halikumuudhi. Madaftari kweli yalikuwepo, yamejaza rafu mbili nyuma ya kiti chake, na kila moja limeandikwa mwaka wake ubavuni.

Shun-an walipeleka dawa zinazotaka baridi: insulini, chanjo, sindano za kuongeza damu za wagonjwa wa figo. Malori yao yalipanda hadi zahanati za milimani, kule ambako mgonjwa akikosa dawa yake Jumatatu hana duka jingine la kukimbilia. Kila jokofu na kila lori lilikuwa na kipimajoto, na kila kipimo kilirudi kuandikwa katika hifadhidata moja iliyokaa ndani ya mashine tatu, ghorofa ya pili. Sheria ilikuwa kali. Dawa isiyo na rekodi ya joto hutupwa, hata kama imekaa kwenye baridi yake sawasawa mwanzo hadi mwisho.

Pi-hsia ndiye aliyeitunza hifadhidata hiyo. Na kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kuikodolea macho mashine kutwa kucha, palikuwa na programu ya kuifuatilia, ambayo ofisi nzima iliiita Mlinzi. Mlinzi aliitazama hifadhidata bila kupepesa: ikizidiwa, alipiga kelele, ikikwama, alichukua hatua.

Jumanne moja ya mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi wa mizimu ambao watu wengi hawapendi kuanzisha jambo jipya, Meneja Tung alimjia na kikombe chake cha chai mkononi.

“Dada Hsia, wale waliomtengeneza Mlinzi wameandika tena. Toleo letu wanaliacha mwisho wa mwezi huu. Jumamosi tuweke jipya.”

“Jumamosi hii?”

“Hii hii. Asubuhi, malori yakiwa machache. Maelekezo nimeyasoma mwenyewe: unazima, unaweka, unawasha. Chai yangu haijapoa utakuwa umemaliza.”

“Chai yako, Meneja, tunaikuta kesho yake imeota ukungu.”

Tung alicheka, akaondoka. Pi-hsia hakucheka sana. Alimgeukia Mlinzi akamuuliza swali moja: tangu uwashwe ni muda gani? Jibu likaja: miaka sita na siku kumi na moja.

Mlinzi alikuwa na mahali pawili pa kuweka mipangilio. Pa kwanza ni faili, ambalo alilisoma mara moja tu, pale anapowashwa. Pa pili ni kichwani mwake. Ukimwamuru jambo akiwa kazini, alilitii papo hapo, lakini faili hakuligusa. Siku atakapozimwa, kila alichoamriwa kwa mdomo kitafutika, na akiamka atarudi kwenye yale ya faili kana kwamba miaka sita haikuwahi kupita.

Alilifungua faili akakuta mistari tisa. Akamwomba Mlinzi amwambie ni mipangilio mingapi anayoifuata wakati ule. Hamsini na miwili. Arobaini na mitatu, basi, haikuandikwa popote duniani.

Ili mtu aelewe kwa nini jambo hilo lilimtia Pi-hsia jasho, hana budi amjue baba yake. Mzee Yen alikuwa fundi wa kukereza nati na bolti, hodari wa kipimo kuliko rula yenyewe. Pi-hsia alipofika miaka thelathini, baba huyo akaanza kusahau. Kwanza funguo, kisha njia ya sokoni, kisha majina. Binti akawa anaandika vikaratasi na kubandika nyumba nzima: “Vikombe vimo humu.” “Gesi umefunga?” Mwishoni alibandika kimoja kando ya picha yake mwenyewe: “Huyu ni Pi-hsia, binti yako.” Miaka saba walikaa hivyo. Tangu hapo hakuamini tena kitu chochote kilichohifadhiwa kichwani peke yake, kiwe kichwa cha mtu au cha mashine. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye alikuwa ameona jinsi hata mtu anavyoweza kupotea hivyo hivyo, ameketi sebuleni.

Na imani hiyo ndiyo iliyomgombanisha na Ou Ching-tien.

Ou, ambaye yeye alimwita Kaka Tien, ndiye aliyemfundisha kazi. Pi-hsia aliingia Shun-an akiwa na miaka ishirini na miwili, mpokea simu wa kuandika oda. Ou akagundua kwamba kila karatasi iliyopita mikononi mwa binti yule ilitoka imesahihishwa. Siku moja akamvutia kiti. “Kaa hapa,” alimwambia. “Wewe hukuumbiwa simu.” Akamfundisha miaka na miaka, bila choyo, kila alilolijua. Ila kuandika alikataa. Ukimuuliza maelekezo yako wapi, aligonga paji la uso kwa kidole: “Yako hapa.”

Miaka minne iliyopita, ilipobaki wiki moja astaafu, Pi-hsia alisimama kwenye mkutano wa watu wote akasema, “Kaka Tien akigongwa na pikipiki kesho, sisi sote tumekwisha.” Yeye alikuwa akiomba maelekezo yaandikwe. Ou alisikia anatakiwa kifo mbele ya vijana. Ijumaa ile walimwandalia chakula cha kumuaga, meza ya watu kumi, samaki akaletwa anafuka mvuke, na kiti cha mgeni wa heshima kikabaki kitupu. Hawakusemezana tena. Kila mwaka mpya Pi-hsia alimwandikia salamu kwenye simu, akazisoma, akazifuta.

Basi, Jumatano nzima alikaa na orodha ile ya arobaini na mitatu. Mingi aliifumbua mwenyewe. Huu ulimnyamazisha Mlinzi saa ya hesabu za mwisho wa mwezi, maana wakati huo hifadhidata huhema bila kuwa mgonjwa. Huu ulipunguza makelele ya diski ya zamani. Huu aliuweka yeye mwenyewe miaka mitatu nyuma, naye hakuuandika, na alipouona aliona haya peke yake kwenye kiti. Kufikia jioni ulikuwa umebaki mmoja.

Ulihusu jedwali moja tu, lile la vipimo vya joto. Kwa kawaida, kazi moja ikilishikilia jedwali na kuzizuia nyingine, Mlinzi husubiri dakika tano ndipo apige kelele. Hapa mtu alikuwa ameamuru asubiri sekunde kumi na saba. Tena asipige kelele tu, bali aikate kazi inayozuia, bila kuuliza mtu.

“Rudisha dakika tano za kiwandani,” Meneja Tung alisema. “Waliotengeneza si wajinga.”

“Si wajinga. Ila hawajawahi kupanda na malori yetu mlimani.”

“Kumi na saba! Nani anachagua kumi na saba? Si kumi na tano, si ishirini. Mtu alibonyeza vibaya, Dada.”

“Kaka Tien habonyezi vibaya.”

Tung akamtazama. Alikuwepo siku ile ya mkutano. “Basi muulize,” alisema taratibu. “Kesho mchana nakupa ruhusa.”

Alhamisi alipanda pikipiki yake ndogo akaenda mji wa Lukang. Ou alihamia huko kwa wakwe zake, watu wa kutengeneza tambi nyembamba kama nywele. Uchochoro mzima ulikuwa umetandazwa fito, na tambi zinaning'inia juani kama mashuka meupe. Ou alikuwa katikati yake amevaa fulana, mikono imejaa unga.

“Kaka Tien.”

Aligeuka, akamtazama kitambo. “Aa. Bi Daftari. Mimi sijagongwa na pikipiki bado. Umekuja kuhakikisha?”

“Nimekuja na pikipiki, Kaka. Ningekuwa na nia hiyo ningekumaliza pale kwenye kona.”

Kutoka ndani kikasikika kicheko. Alikuwa mke wa Ou. “Mwache aingie, wewe! Miaka minne unasema 'Hsia angefanya hivi, Hsia angefanya vile', leo kaja unamsimamisha juani.”

“Nani kasema?” Ou aliuliza.

“Mimi nimesema, wifi yake,” mwanamke alijibu. “Hsia, mwanangu wa kiume kaenda kuchukua unga. Shika upande ule wa fito umsaidie kaka yako, tambi zisije zikakatika.”

Hivyo Pi-hsia akajikuta ameshika ufito mmoja na Ou ameshika mwingine, tambi zimetandazwa kati yao, kila mmoja anarudi nyuma hatua kwa hatua ili zirefuke. Ukiachia, kazi ya asubuhi nzima inaanguka mavumbini. Hakuna aliyeweza kuondoka kwa hasira.

“Kumi na saba,” Pi-hsia alisema.

Ou alisimama. Tambi zikalegea kidogo. “Mmefanya nini?”

“Bado hatujafanya. Jumamosi tunaweka toleo jipya. Mlinzi anazimwa.”

“Mnamzima! Na faili lina...”

“Mistari tisa. Najua. Mingine yote nimeiandika. Huu mmoja siufahamu, na Meneja anataka kuufuta.”

“Vuta,” alisema Ou. “Zinalegea.” Wakavuta. Kisha akaanza kusema, macho yake kwenye tambi. Miaka sita iliyopita, asubuhi moja, mtu wa ofisini alichapisha ripoti kubwa ya mwaka mzima. Ripoti ile ikalishika jedwali la joto ikalizuia. Vipimajoto vya malori hungoja jibu sekunde ishirini. Visipojibiwa vinakata tamaa, vinakitupa kipimo kile na kuendelea na safari kimya kimya. Dakika kumi na mbili zikapita hivyo. Jioni wakagundua malori matatu hayana rekodi.

“Insulini masanduku mia nne,” Ou alisema. “Baridi yake haikuwa imepungua hata kidogo. Nilisimama nyuma ya ghala nikawatazama wakizitupa. Na kule juu kuna bibi mmoja alisubiri siku mbili. Alipona, lakini alilazwa. Nikasema haitatokea tena nikiwa hai.”

“Na kwa nini kumi na saba?”

“Ishirini vipimajoto vinakata tamaa. Ondoa mbili za Mlinzi kufikiri na kukata. Ondoa moja ya Mama Mazu.” Alitikisa kichwa kuelekea upande wa hekalu. “Mungu wa kike naye mwachie nafasi.”

Pi-hsia alitaka kucheka, macho yakamlowa. “Kwa nini hukuandika, Kaka?”

“Nilikuwa naandika kesho. Kila siku, kesho.” Akarudi nyuma hatua nyingine. “Halafu ukasimama ukasema yale mbele ya watu. Yangekuwa uongo ningekugombeza. Yalikuwa kweli, ndiyo maana nikashindwa kuja kula.”

“Nilisema vibaya. Ningekuita kando.”

“Ungeniita kando nisingesikia.”

Wakazitundika fito. Ou akajifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha kiganja. “Lete hilo daftari lako.” Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mkubwa, sababu yote tangu mwanzo hadi mwisho, na alama za vidole vya unga zikabaki kwenye ukurasa. Mkewe akawaletea bakuli za tambi na chaza, akasimama mlangoni kuhakikisha zimeliwa zote.

Ijumaa Pi-hsia aliiandika mipangilio yote arobaini na mitatu ndani ya faili, mmoja mmoja, na mbele ya kila mmoja akaweka sababu yake. Kisha, badala ya kungoja Jumamosi, akaliweka toleo jipya kwenye mashine ya akiba isiyotegemewa na mtu, akaipa kazi za kuigiza: oda za uongo, malori ya uongo, vipimo vya uongo. Meneja Tung akaja kutazama.

Dakika haikuisha, kioo chote cha kompyuta kikawa chekundu. Mlinzi mpya alikuwa anakata. Alikata ripoti, alikata oda, alimkata kila aliyeligusa lile jedwali, mamia kwa mamia, kama mwendawazimu aliyepewa mkasi.

Uso wa Tung ulipauka. “Hii ingekuwa kesho... Dada Hsia, ndiyo maana nilisema tuweke ya kiwandani!”

“Ngoja, Meneja.”

“Ngoja nini? Hebu tazama!”

“Nimeona. Hebu ngoja.” Moyo wake mwenyewe ulikuwa unapiga kama cherehani. Alizima, akafungua kitabu cha mabadiliko ya toleo jipya, kile ambacho Tung alisoma ukurasa wake wa kwanza tu. Akashuka kwa kidole mstari kwa mstari. Ukurasa wa sitini na moja, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa kwamba tangu toleo hili muda wote haupimwi tena kwa sekunde, bali kwa sehemu za elfu za sekunde.

Alisoma mara mbili. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, hadi Tung akadhani amepata wazimu.

“Kumi na saba tuliyompa,” alisema akifuta machozi, “yeye kaielewa sehemu kumi na saba za elfu. Hata kupepesa jicho ni zaidi ya hapo! Maskini, kafanya alivyoambiwa.”

Akaandika elfu kumi na saba. Akaikagua na mingine yote inayohusu muda. Ilikuwa sita, akairekebisha. Akaanzisha upya kazi za kuigiza. Kioo kikatulia kijani. Akailazimisha ripoti moja ya uongo ilishike jedwali. Sekunde ya kumi na saba, Mlinzi akaikata hiyo peke yake, na hakuna kipimo hata kimoja kilichopotea.

Jumamosi saa mbili asubuhi, Meneja Tung alikuja na pakiti mpya ya kijani ya vitafunio vya nazi. Akaitoa ile ya zamani juu ya mashine akaweka hii, akaangalia tarehe ya kuharibika mara mbili. Kwa wahandisi wa huko hiyo ni kama hirizi: bila pakiti ya kijani mashine hazina adabu, na katika kampuni yote hakuna mhandisi aliyethubutu kulifanyia mzaha jambo hilo. Pi-hsia akamzima Mlinzi. Kwa dakika nne hifadhidata ilikaa bila mtu wa kuitazama. Kisha akamwasha mpya.

Akamuuliza swali lile la pili la Jumanne: unafuata mipangilio mingapi? Hamsini na miwili. Wakaisoma kwa sauti, yeye kutoka daftarini, Tung kutoka kwenye kioo, mpaka wa mwisho. Malori mawili yalikuwa barabarani kuelekea milimani, na vipimo vyao vikaingia, kimoja baada ya kingine, bila pengo.

“Tumemaliza,” Tung alisema, akashusha pumzi.

“Bado.” Pi-hsia akamzima Mlinzi tena.

“Dada! Unamzima tena ya nini?”

“Nataka nione kama anakumbuka.”

Zilikuwa dakika ndefu kuliko zile za kwanza. Mlinzi akaamka. Hamsini na miwili, yote, na safari hii hakuna hata mmoja uliokaa kichwani tu. Tung alipiga kofi mezani hadi chai ikamwagika, akaiacha imwagike. Pi-hsia alijiegemeza kitini, akahisi mabega yakishuka, akatambua kwamba tangu Jumanne alikuwa ameyainua bila kujijua.

Alipiga simu Lukang. Mlio wa pili haujaisha, Ou akapokea.

“Ehee?”

“Iko salama, Kaka. Yote imo kwenye faili.”

Upande wa pili akasikia pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo wa miaka sita.

“Basi na mimi nimestaafu,” alisema Ou. “Jumapili ijayo njoo na mumeo. Wifi yako kasema usiposhika fito hupati chakula.”

Saa tano na nusu Pi-hsia alitoka. Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita saluni ya mtaani, akaketi kwenye kiti karibu na dirisha, akamwambia mwenye saluni amwoshe nywele, tena taratibu, hana haraka na dunia. Sabuni ikatoa povu, vidole vikakanda kichwa chake nyuma ya masikio. Nje mvua ya mchana ikaanza kunyesha kwa kelele juu ya mabati.

Alipofumbua macho alikuwa amefungwa taulo kichwani, na wateja wengine wawili walikuwa wameshahudumiwa na kuondoka.

“Mbona hukuniamsha?” aliuliza.

“Nani athubutu?” mwenye saluni alijibu. “Ulikuwa unakoroma kama lori linapanda mlima.”

“Mimi? Mimi sikoromi.”

“Muulize yule,” alisema, akamwonyesha bibi mmoja aliyekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Bibi yule akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa. Pi-hsia akacheka mpaka taulo likamwangukia mapajani.